Shingo Iliyokaza: Tahakiki ya Istilahi za Ukuaji wa Mtoto Mchanga

Katika kliniki moja ya mama na mtoto mjini Mwanza tulipata kuona matangazo mawili yaliyobandikwa kwenye ukuta mmoja, yakitazamana na benchi wanapokaa akina mama. La kwanza lilieleza kuwa mtoto atimizapo miezi minne anapaswa awe "amekaza shingo". La pili lilihusu homa ya uti wa mgongo, nalo lilionya kuwa mtoto mwenye homa "aliyekaza shingo" apelekwe hospitali bila kukawia. Muuguzi akamwuliza mama mmoja kijana aliyetoka upande wa Igombe: "Mama, mwanao amekaza shingo?" Yule mama, ambaye macho yake yalikuwa kwenye tangazo la pili, akajibu upesi: "Hapana nesi, hajapata kukaza, hana hata homa." Kalamu ilikwisha kuelekea kwenye daftari. Kwa bahati njema muuguzi alikuwa mtu makini. Akamlaza mtoto kifudifudi juu ya meza, naye mtoto akainua kichwa na kifua, akatazama huku na huku kama mwenye kukagua chumba.

Kisa hiki ni kidogo, lakini chatosha kutuonyesha kuwa istilahi za elimu ya mtoto mchanga zina mzigo ambao istilahi za fani nyingine nyingi hazina. Mwanafunzi wa fizikia asipoielewa istilahi atamwuliza mwalimu wake kesho. Mama asiyeielewa istilahi hujibu kwa kadiri alivyoielewa, jibu lake huandikwa, na kwa jibu hilo huamuliwa kama mtoto apelekwe mbele kwa uchunguzi au arudishwe nyumbani. Mtoto mwenyewe hana kinywa cha kusahihisha.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki baadhi ya istilahi zinazotumika kueleza ukuaji wa mwili, mijongeo na milango ya fahamu ya mtoto mchanga, kama tulivyozikuta katika vipeperushi, miongozo ya mafunzo na tafsiri zinazowafikia wauguzi, wahudumu wa afya vijijini na walimu. Hatukusudii kumlaumu mfasiri yeyote. Wengi wao hufanya kazi kwa haraka, bila kamusi ya fani hii mkononi. Tunachodai ni jambo moja tu: istilahi ya ukuaji wa mtoto mchanga ipimwe kwanza kwa kitendo ambacho mama anaweza kukiona kwa macho yake, na kila kitendo kipewe neno lake peke yake.

Majina ya jumla

Tuanze na majina ya jumla, maana hayo ndiyo yanayoongoza mengine. Programu Jumuishi ya Taifa iliyozinduliwa mwaka 2021, na kupangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, ilipewa jina la Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa ufupi MMMAM. Tunapongeza uteuzi wa maneno ya Kiswahili kitupu. Hata hivyo, maneno hayo matatu hayakugawana kazi sawasawa. "Malezi" yatokana na kitenzi -lea. "Makuzi" yatokana na -kuza, yaani kumfanya mtu akue. Kwa hiyo maneno mawili ya kwanza yote yanataja kazi ya mzazi, na la tatu peke yake ndilo linalotaja mambo ya mtoto mwenyewe. Lakini katika maandishi mengi tuliyoyasoma "makuzi" hutumiwa kwa maana ya kuongezeka uzito na kimo, jambo ambalo ni kazi ya mwili wa mtoto. Neno la mzazi limevikwa kazi ya mwana. Aidha, kifupisho chenyewe kimekaribiana mno na MMAM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007. Watumishi wa afya waliofanya kazi chini ya mpango ule hawana budi kuhesabu herufi kabla ya kujua kinachosemwa.

Lililo zito zaidi ni "ukuaji" na "maendeleo". Ukuaji hupimwa kwa mizani na utepe. Maendeleo ni yale ambayo mtoto anaweza kuyafanya leo na ambayo mwezi uliopita hakuyaweza. Kadi ya kliniki imewazoesha wazazi wetu kuamini kuwa kukua ni mstari wa uzito unaopanda. Mtoto aweza kuupanda mstari huo vizuri sana na huku shingo yake ikiangukaanguka hata katika mwezi wa sita. Ikiwa neno "ukuaji" litatumika kwa mambo yote mawili, mama wa mtoto huyo ataambiwa kuwa mwanawe "anakua vizuri", na aliyemwambia hatakuwa amesema uongo. Lakini mtoto atarudi nyumbani bila ya kuangaliwa.

Tunashauri basi kuwa "ukuaji wa mwili" libaki kwa uzito, kimo na mzingo wa kichwa. "Maendeleo ya mtoto" litumike kwa uwezo wake wa kutenda na kutambua. Na "makuzi" lirudishwe kwa wenyewe, yaani wazazi na walezi.

Mijongeo

Wataalamu wa elimu ya mtoto huvigawa vitendo vya mwili katika mafungu mawili: vile vya mwili mzima, kama kukaa na kutembea, na vile vya mkono na vidole, kama kushika na kuokota. Mfasiri mwenye haraka anaweza kuliswahilisha neno la kigeni na kupata "mota". Neno hilo halina kasoro ya matamshi, bali lina kasoro ya maana, kwa sababu tayari lina mwenyewe: ni mtambo uzungushao pampu na feni. Mzazi akiambiwa "maendeleo ya mota ya mtoto wako" atadhani anazungumziwa kitu cha dukani.

Njia iliyoenea zaidi ni kusema "misuli mikubwa" na "misuli midogo". Hapa maneno yanaeleweka, lakini elimu imepotea. Mgawanyo wa wataalamu wahusu ukubwa wa kitendo, hauhusu ukubwa wa msuli. Misuli mingi inayokunja vidole haimo kwenye vidole hata kidogo. Imo katika kigasha, baina ya kiwiko na kifundo cha mkono, na si midogo. Msomaji aweza kuithibitisha sasa hivi kwa kushika kigasha chake cha mkono mmoja huku akifumba na kufumbua vidole vya mkono huo. Tunapendekeza "mijongeo ya mwili" na "mijongeo ya mikono". Neno "mjongeo" limekwisha kukubalika katika fizikia, na mama asiyelijua ataona maana yake mara tu akumbukapo kitenzi jongea.

Katika mijongeo ya mikono tumekuta "mshiko wa koleo", kwa maana ya kuchukua kitu kidogo kwa ncha za kidole gumba na kidole cha shahada, jambo ambalo kwa kawaida hutokea baina ya mwezi wa tisa na wa kumi na mbili. Aliyetafsiri alifikiri koleo la fundi. Lakini kwa watu wengi wa Mwanza koleo ni chombo cha kuzolea mchanga na kokoto. Mama atatafuta kwa mwanawe mkono unaochota, na mkono wa namna hiyo ni wa mtoto mchanga zaidi, ambaye bado hukusanya vitu kwa kiganja kizima. Istilahi imempeleka mama kinyume cha njia. Kumbe "kuokota kwa vidole viwili" yatosha kabisa. Kila mwanamke aliyechambua mchele au kuchagua dagaa anakijua kitendo hicho kabla hajaelezwa.

Vilevile "kupinduka", lililotumika kwa mtoto anayetoka chali na kulala kifudifudi, si kosa la sarufi. Lakini kando ya ziwa hili neno hilo lina historia. Meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Katika ajali zote mbili roho nyingi zilipotea. Kumwuliza mama wa Ukerewe "Mwanao amepinduka?" ni kumshtua bila sababu. "Kujigeuza" ni salama, na tena hubainisha kuwa mtoto amefanya kwa nguvu zake mwenyewe.

Kutambaa, kusota, kusimama dede, kwenda tata

Hapa ndipo Kiswahili kilipo na hazina kubwa na ndipo wafasiri walipoitumia hazina hiyo kwa uchache zaidi. Kitenzi -tambaa hutumika kwa nyoka, kwa mboga ya maboga na kwa mtoto. Mtoto anayejikokota kwa tumbo hutambaa, na anayekwenda kwa viganja na magoti naye hutambaa. Katika maisha ya kila siku hakuna hasara. Katika uchunguzi hasara ipo.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 816 kutoka Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, waliofuatwa tangu umri wa miezi minne. Mijongeo sita ilichunguzwa: kukaa bila kuegemezwa, kusimama kwa kushika kitu, kutambaa kwa viganja na magoti, kutembea kwa kushika kitu, kusimama bila kushika na kutembea bila kushika. Kutambaa kulifafanuliwa kwa ukali: tumbo lisiguse chini, na mtoto asogee walau mara tatu mfululizo. Mtoto anayejikokota kwa tumbo hakuhesabiwa. Mfasiri aliyeandika "anatambaa" na kuacha hapo amewaingiza watoto wote wawili katika safu moja.

Uchunguzi huo una mafunzo mawili zaidi kwa mwenye kuunda istilahi. La kwanza ni kuwa asilimia 4.3 ya watoto hao hawakuonekana kabisa wakitambaa kwa viganja na magoti, na walikuwa watoto wazima. La pili ni upana wa muda wa kawaida: kukaa bila kuegemezwa kulitokea baina ya miezi 3.8 na 9.2, na kutembea bila kushika baina ya miezi 8.2 na 17.6. Kwa hiyo neno "hatua za ukuaji", lililozoeleka mno, lahitaji kuangaliwa upya. Hatua hufuatana, mtu hawezi kuruka ya tatu akafika ya nne. Mama aonapo kuwa mwanawe amesimama bila ya kupitia "hatua" ya kutambaa, atadhani kuna jambo limeharibika. Tunapendekeza "alama za maendeleo", kama alama za njiani, ambazo msafiri huweza kuikosa mojawapo na bado akafika. Na yale ambayo baadhi ya tafsiri zimeyaita "madirisha" yaitwe kwa jina lake la wazi: muda wa kawaida.

Tulitazame jambo hili huko mialoni. Mama anayeanika dagaa kwenye mchanga humfunga mwanawe mgongoni kwa mbeleko tangu asubuhi. Kumweka chini si jambo la busara: mchanga una moto, kuna miiba ya samaki, na maji ya kina kifupi yana kichocho. Mtoto huyo ana nguvu za shingo na kiwiliwili, kwa kuwa mgongoni hujishikilia siku nzima, lakini nafasi ya kutambaa hana. Aulizwapo "Anatambaa?" mama hujibu kweli kuwa hatambai. Jibu hili moja likisimama peke yake humfanya mtoto mzima aonekane mgonjwa. Upande wa pili, mtoto mwenye udhaifu wa miguu huweza kusogea kwa makalio, na mama yake akajibu kweli kuwa anatambaa, kwani yuaenda. Jibu hilo humficha mwenye shida.

Neno la kuwatenganisha tunalo. Mtoto asogeaye kwa makalio husota. Yamkini wasomaji vijana watacheka, maana siku hizi kusota ni kuteseka, na magazeti huandika kuwa fulani amesota rumande. Lakini maana ya asili haijafa, na wazee wangali wakiitumia. Kadhalika tunalo neno "dede": mtoto asimamaye kwa mara ya kwanza bila kushika, miguu ikimtetema, husimama dede. Na ayumbaye kwa hatua zake za kwanza huenda tata. Wengine husema tete. Maneno haya mafupi yanataja hasa vitendo viwili vya mwisho vya orodha ya Shirika la Afya Duniani. Ajabu ni kwamba katika vipeperushi vyote tulivyovipitia hatukukuta "dede" hata mara moja. Tulikuta "uwezo wa kusimama kwa kujitegemea", maneno matano ambayo mama hataweza kuyarudia nyumbani kwa mkwe wake.

Sarufi nayo ina ushuhuda wake. Kiswahili hutuwezesha kutaja kitendo cha mtoto na kitendo cha mlezi kwa mzizi mmoja: mtoto hukaa, mama humkalisha, mtoto husimama, mama humsimamisha, mtoto hutembea, mama humtembeza. Lakini hatusemi kuwa mama humtambaza mtoto. Kutambaza ni kwa sauti na kwa macho. Lugha yenyewe yakiri kuwa kukaa, kusimama na kutembea hufundishwa, na kutambaa huachiwa mtoto. Mwaka 1976 mtaalamu Charles Super alichapisha uchunguzi wake kuhusu Wakipsigis wa Kokwet, katika nyanda za juu za Kenya, mashariki ya ziwa letu. Alikuta kuwa watoto wa huko huwahi kukaa na kutembea kuliko watoto wa Marekani, na kwamba mama zao huwafundisha vitendo hivyo kwa makusudi na wana maneno maalumu ya mafundisho hayo. Lakini katika kutambaa hawakuwatangulia wenzao, kwa sababu hapakuwa na aliyewafundisha. Funzo kwa mfasiri ni hili: kijitabu kikisema tu kuwa mtoto "atakaa" na "atasimama", kimemwondoa mama katika kazi yake. Kiandikwe pia kuwa mama amkalishe na amsimamishe.

Milango ya fahamu

Katika fungu la kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa kuna vurugu ya herufi moja. Wapo waandikao "maendeleo ya hisi" na wapo waandikao "maendeleo ya hisia", kisha ukurasa wa pili "hisia" hiyohiyo hutumika kwa furaha, hofu na huzuni. Mwalimu asomaye kuwa mtoto ana "tatizo la hisia" hawezi kujua kama mtoto hasikii vizuri au ana huzuni. Mmoja ahitaji kupimwa masikio, mwingine ahitaji kubembelezwa. Kwa bahati tunayo "milango ya fahamu", ambayo kila mtoto wa shule ya msingi huijua. Itumike hiyo, na "hisia" iachiwe mambo ya moyo.

Zaidi ya hayo, Kiswahili hutofautisha kuona na kutazama, kusikia na kusikiliza. Wafasiri huandika "Je, mtoto anaona?" Mama gani atajibu kuwa haoni? Mtoto aliyezaliwa karibuni huona vizuri vitu vilivyo umbali wa kama sentimita 20 hadi 30, yaani kiasi cha kutoka titi hadi uso wa mama yake. Swali lenye manufaa ni hili: "Ukimsogezea uso, anakufuata kwa macho?" Na kwa masikio: "Mlango ukipigwa, anashtuka?" Haya ni maswali ya kitendo, na majibu yake huonekana.

Tunapenda pia kutahadharisha juu ya "mtoto wa jicho". Hili ni jina zuri na la zamani kwa ukungu uzibao mboni, hasa kwa wazee. Lakini upo pia ugonjwa huo kwa watoto wachanga, na hapo jina hugeuka fumbo: mtoto mwenye mtoto wa jicho. Katika maandishi ya wazazi ni afadhali kutaja kinachoonekana, yaani weupe katika mboni, na kueleza kuwa weupe huo, uwe wa ukungu au wa saratani ya jicho, haungoji. Jina la ugonjwa mwachieni daktari.

Majina yenye madhara

Huenda msomaji akasema kuwa jina ni jina tu. Tunamkumbusha "meno ya plastiki". Jina hili lilienea nchini katika miaka ya 1980. Mtoto aharishapo au kupata homa katika miezi ya kwanza, watu huona uvimbe mweupe kwenye ufizi, nao ni jino changa la kawaida ambalo halijachomoza. Jina likasema kuwa jino hilo si la haki, ni la bandia. Na kwa kuwa ni la bandia, litolewe. Watoto wamechokolewa fizi kwa vyombo vichafu, wengine wakapata maambukizo yaliyowaua. Ugonjwa halisi, ambao ulikuwa kuhara au malaria, ukaachwa bila dawa. Hapana baraza lililolipitisha neno hilo, wala kamusi iliyolisanifu. Lilishinda kwa sababu lilikuwa fupi, lilitaja kitu kinachoonekana na lilimpa mama jambo la kutenda. Istilahi zetu njema zinashindwa kwa kukosa sifa hizo tatu.

Mfano wa pili ni "mtindio wa ubongo", ambao wengine huandika "utindio". Jina hili limetumika kwa mtoto ambaye ubongo wake umeathirika katika kuongoza mijongeo, na limetumika pia kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili. Wako watoto wengi wa kundi la kwanza ambao akili zao ni timamu. Wanachoshindwa ni kuutuma mkono au ulimi. Mwalimu mkuu apokeaye barua yenye maneno "mtindio wa ubongo" huamua mlangoni. Dharau katika neno hilo haikukusudiwa, lakini imefunga mlango wa darasa. Kinyume chake tazama "mgongo wazi" na "kichwa kikubwa", majina wanayoyatumia wazazi wa watoto wanaotibiwa katika hospitali zetu, Bugando ikiwamo. Yanataja kinachoonekana, hayamhukumu mtoto, na daktari na bibi huyaelewa sawasawa.

Hoja ya upande wa pili

Mwalimu mmoja wa Magu tuliyezungumza naye alitupinga kwa haki. Alisema: "Dede na tata ni maneno yenu ya pwani. Bibi yangu wa Kisukuma hayajui, na 'uwezo wa kusimama' anaujua." Hoja hii haiwezi kupuuzwa. Katika mwambao wa Ziwa Victoria mama wengi hulea kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kikara, na Kiswahili hukikuta kliniki.

Majibu yetu ni mawili. Kwanza, neno geni lililo fupi, likifuatana na kitendo, hujifunzwa kwa siku moja. Muuguzi amsimamishe mtoto, amwachie kidogo, na aseme "dede". Maelezo marefu yaliyo dhahania hayajifunzwi hata kwa mwaka. Pili, utaratibu wetu wa kuunda istilahi umekuwa, baada ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kuzitazama lugha nyingine za Kibantu kabla ya kwenda ng'ambo. Nchi za ziwa zimekwisha kutupa mema. "Ngeli", ambayo bila hiyo mwalimu wa sarufi hawezi kufungua kinywa, ilitoka kwa Wahaya. "Ikulu" ilitoka kwa Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma. Ikiwa tuliweza kuazima jina la makao ya mtemi, hatuwezi kushindwa kuazima jina la mtoto anayesimama mlangoni mwa nyanya yake. Lakini hatuwezi kuazima tusichokusanya. Kazi hiyo ni ya walimu walioko Magu, Misungwi, Sengerema na Ukerewe, wakiwa na daftari na subira, na watu wa kuulizwa ni bibi.

Mapendekezo

Kwa kumalizia, tunaleta mbele ya wasomaji orodha fupi, ijadiliwe, isahihishwe au ikataliwe:

Ukuaji wa mwili: kuongezeka kwa uzito, kimo na mzingo wa kichwa.
Maendeleo ya mtoto: kuongezeka kwa uwezo wa kutenda na kutambua.
Makuzi: kazi ya mlezi ya kumkuza mtoto.
Alama ya maendeleo: kitendo kinachoonyesha mtoto amefikia uwezo fulani.
Muda wa kawaida: kipindi ambacho watoto wengi wazima hukifikia kitendo hicho.
Mijongeo ya mwili. Mijongeo ya mikono: mafungu mawili ya vitendo.
Kuinua kichwa, kusimamisha kichwa: badala ya kukaza shingo.
Shingo kukakamaa: dalili ya ugonjwa peke yake.
Kujigeuza: kutoka chali kwenda kifudifudi, au kinyume chake.
Kujikokota kwa tumbo. Kutambaa kwa magoti. Kusota: njia tatu za kusogea, zisichanganywe.
Kusimama dede: kusimama bila kushika kitu.
Kwenda tata: kutembea bila kushika kitu kwa mara za kwanza.
Kuokota kwa vidole viwili: kwa kidole gumba na cha shahada.
Milango ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja, kugusa.

Kabla istilahi yoyote katika hizi haijachapishwa, tunaomba ipitishwe katika jaribio moja lisilo na gharama. Mfasiri aende mwaloni au kliniki, amsomee mama swali lake, kisha asimwulize kama ameelewa, bali amwombe aonyeshe kwa mtoto wake. Mama akionyesha kitendo kingine, swali lirudi mezani. Yule mama wa Igombe alikuwa tayari kutuonyesha. Ni ukuta wetu uliokuwa na neno moja kwa mambo mawili.